Jinsi ya Kusoma Ukuta wa Ufa wa Chini ya Bahari Ukiwa Dodoma: Mwongozo Kamili

Ukipanda basi la Singida kutoka Dodoma, baada ya Bahi na Kintinku tambarare ya mpunga inakwisha na gari linaanza kukwea. Ukuta huo unaoupanda kuelekea Manyoni ni ukingo wa Bonde la Ufa. Ardhi ilikatika hapo, upande mmoja ukashuka, mwingine ukabaki juu, na Kilimatinde imekaa huko juu ikiitazama Bahi. Nimeupita ukingo huo mara nyingi nikiwa na wanafunzi, na kila mara nawaambia kwamba chini ya bahari kuna kingo za namna hii, nyingine zikizidi kilomita mbili kwenda juu, na kwamba hizo ndizo zinazotuonyesha tumbo la ukoko wa bahari ungali mpya.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa jiolojia, mwalimu wa jiografia, au yeyote anayependa mawe na hana meli. Utajifunza kuchagua ukuta wa ufa baharini, kuuchora, kukadiria umri wake, na kusoma mpangilio wa miamba yake. Mazoezi ya mikono tutayafanyia hapa hapa kwenye granite ya Dodoma. Kuna kanuni moja nitakayoirudia mpaka uichoke: andika kwanza jiwe limetoka wapi na mwamba wake umeinama upande gani, ndipo ulipe jina. Wengi tunaanza na jina, na hapo ndipo tunapopotea.

Vitu vya kuandaa

Kompyuta yenye intaneti, karatasi ya grafu, penseli, kipimapembe cha shule, dira (ya simu inatosha kwa kuanzia), timazi na pima maji kama vya fundi mwashi, mizani ya jikoni ya kidijitali, ndoo ndogo, uzi imara, na lenzi ya kukuzia. Tafuta pia mawe mawili yenye ukubwa wa ngumi. Moja liwe granite, ambalo Dodoma hulikosi popote wanapogonga kokoto. La pili liwe basalti, jiwe jeusi la volkano. Mwombe mtu anayetoka Arusha au Mbeya akuletee.

Hatua ya 1: Jua ukoko wa bahari umepangwaje

Naita ukoko kwa makusudi. Kila aliyewahi kukwangua chungu cha ugali anajua kwamba ukoko ni tabaka jembamba lililoshikana na kitu kilekile kilichoutengeneza. Ukoko wa bahari una unene wa kilomita 6 hadi 7 tu, na umetokana na joho la dunia, yaani tabaka nene la mwamba wa moto lililo chini yake. Katikati ya bahari mabamba mawili, yaani vipande vikubwa vya uso wa dunia, yanapoachana, joho hupanda, huyeyuka kidogo, na ule uji wa moto, yaani magma, huganda na kuziba pengo. Mahali hapo panaitwa mgongo wa bahari.

Mgongo unapopanuka kwa kasi, kama ule wa mashariki mwa Pasifiki, mpangilio kutoka juu kwenda chini huwa hivi. Juu kuna lava za basalti, unene wa mamia ya mita. Chini yake kuna daiki, yaani kuta nyembamba za mwamba zilizosimama bega kwa bega kama vitabu kwenye rafu, kila moja ikiwa ni njia ambayo magma ilipitia kwenda juu. Unene wa sehemu hiyo unaweza kufika kilomita moja au zaidi. Kisha inakuja gabro, ndiyo sehemu nene kuliko zote: ni magma ileile iliyobaki chini ikapoa polepole, kwa hiyo chembe zake unaziona kwa macho. Chini kabisa kuna peridotiti, mwamba wa joho lenyewe. Wanajiolojia waliukubali mpangilio huu rasmi mwaka 1972, baada ya kulinganisha vipande vya ukoko wa bahari vilivyosukumwa juu ya nchi kavu, kama vile vya Oman na Saiprasi.

Usiukariri kama orodha ya kujibia mtihani. Mpangilio huo ni matarajio tu, na kazi yako mbele ya ukuta ni kuyapima.

Kwa nini ukuta, na si shimo la kuchimba? Kuchimba kumejaribiwa. Mwaka 1961 mradi wa Marekani ulioitwa Mohole ulitoboa mita 183 chini ya sakafu ya Pasifiki. Shimo liitwalo 504B lilifika mita 2,111 likiwa bado ndani ya daiki. Ilipofika mwaka 2005 ndipo shimo 1256D lilipoigusa gabro likipita lava na daiki zote kwa mpangilio wake, takriban mita 1,400 chini ya sakafu. Ni kazi kubwa, lakini shimo lina upana wa sahani tu. Ukikutana na daiki moja iliyosimama wima unaweza kuitoboa urefu wake wote usijue jirani yake ni nani. Ukuta hukuonyesha na majirani.

Hatua ya 2: Chagua ukuta wako

Anza na Hess Deep, katika Pasifiki ya mashariki, karibu nyuzi 2 na dakika 15 kaskazini, nyuzi 101 na dakika 30 magharibi. Hapo mabamba matatu yanakutana: Pasifiki, Cocos na Nazca. Mgongo unaotenganisha Cocos na Nazca unasonga kuelekea magharibi, na ncha yake inaupasua ukoko uliozaliwa muda si mrefu kwenye mgongo mkubwa wa mashariki mwa Pasifiki. Fikiria kanga inayochanwa kuelekea pindo: mchano unatangulia, na nguo inafunguka nyuma yake. Katika mchano huo sakafu ya bahari, iliyokuwa kwenye kina cha kilomita 3 hivi, imefunguka hadi kina cha takriban mita 5,400. Kuta zake zimeacha wazi lava, daiki, gabro na hata peridotiti.

Watu wameziona kuta hizo kwa macho yao. Nyambizi ya Ufaransa, Nautile, yenye uwezo wa kushuka mita 6,000, ilizipanda mwishoni mwa miaka ya 1980. Alvin ya Marekani ilifuata. Meli za uchimbaji nazo zilirudi hapo mara kadhaa, mojawapo ikiwa safari ya 345 ya mwaka 2012 hadi 2013, iliyopata gabro yenye matabaka.

Ukishazoea unaweza kuhamia Pito Deep, karibu na Kisiwa cha Pasaka, ambako ukoko una umri wa takriban miaka milioni 3, au kwenye ufa wa Blanco nje ya pwani ya Oregon. Katika Bahari yetu ya Hindi kuna Atlantis Bank, kusini-mashariki mwa Madagaska. Hapo shimo 735B lilichimbwa mita 1,508 ndani ya gabro, kazi iliyoanza mwaka 1987 na kukamilika 1997. Lakini Atlantis Bank si pa kuanzia. Mambo yake ni magumu, na nitaeleza sababu huko mbele.

Hatua ya 3: Chora mkato wa ukuta

Pakua programu ya bure iitwayo GeoMapApp, iliyotengenezwa Lamont-Doherty, kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Columbia. Inahitaji intaneti unapoitumia, kwa hiyo fanya kazi wakati mtandao umetulia. Fungua ramani ya dunia, vuta karibu mpaka ufike kwenye viwianishi nilivyotaja. Kuna kitufe kinachofifisha sehemu ambazo meli hazijazipima kwa sonari. Kibonyeze kabla ya kufanya lolote. Karibu robo tu ya sakafu ya bahari ya dunia imepimwa na meli kwa undani; sehemu iliyobaki imekadiriwa kwa setilaiti, na ukuta uliochorwa kwa makadirio hayo hauna faida kwako.

Sonari ya meli hupiga sauti na kusubiri mwangwi. Sauti hupita majini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, basi mwangwi ukirudi baada ya sekunde 4, kina ni mita 3,000. Maana yake ramani inakupa umbo la ukuta tu. Aina ya mwamba haimo humo. Nimewaona wanafunzi wakichora mpaka wa lava na daiki kwenye mkato kwa kufuata mahali mteremko unapobadilika, bila jiwe hata moja. Usifanye hivyo.

Chora mstari unaokata ukuta kutoka ukingo wa juu hadi shimoni, kisha nakili vina na umbali kwenye karatasi ya grafu. Tumia kipimo kimoja kwa wima na kwa mlalo, hata kama karatasi itakuwa ndefu. Programu hupenda kurefusha wima ili milima ionekane, na hapo macho yanadanganyika. Chukua ukuta unaopanda mita 1,000 katika umbali wa mita 2,000. Pembe yake halisi ni nyuzi 27 hivi, mteremko ambao mchunga mbuzi wa Kilimatinde anaupanda bila kushika mwamba. Urefushe wima mara tano, na utaonekana kama genge la nyuzi 68. Kuta nyingi za ufa baharini ni ngazi: magenge mafupi makali, halafu vibaraza vya kifusi, halafu magenge tena.

Hatua ya 4: Kadiria umri

Hii ni fupi. Mgongo wa mashariki mwa Pasifiki karibu na Hess Deep unapanuka kwa jumla ya milimita 130 hivi kwa mwaka, nusu kwenda kila upande. Kila upande basi husogea milimita 65 kwa mwaka, sawa na kilomita 65 kwa miaka milioni. Pima kwenye ramani umbali kutoka kilele cha mgongo hadi ukuta wako, ugawe kwa 65. Ukipata kilomita 65, ukoko huo una miaka milioni moja.

Granite unayoikanyaga Dodoma ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Weka namba hizo mbili kwenye daftari, moja chini ya nyingine, na ukae nazo kidogo.

Hesabu nyingine inayofaa: daiki moja kwa kawaida ina upana wa mita moja hivi. Ikiwa upanuzi wote unajazwa na daiki, mgongo huo unahitaji daiki mpya kila baada ya miaka 7 au 8 kwa wastani. Haziji kwa mpangilio huo wa saa. Katika nyuzi 9 na dakika 50 kaskazini, kwenye mgongo uleule, milipuko iliyochunguzwa vizuri ilitokea 1991 hadi 1992, kisha 2005 hadi 2006, na ule wa pili ulinasa ndani ya lava baadhi ya vifaa vya kupimia matetemeko vilivyokuwa vimewekwa sakafuni.

Hatua ya 5: Zoeza jicho kwenye miamba ya Dodoma

Hapa tutakaa, kwa sababu anayerukia picha za nyambizi kabla ya kushika mwamba halisi huona giza na mawe tu.

Anza na mizani. Weka ndoo yenye maji juu ya mizani ya jikoni, uirudishe kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi, ulizamishe lote majini bila kugusa chini wala kingo za ndoo. Namba itakayosomeka, kwa gramu, ndiyo ujazo wa jiwe kwa sentimita za ujazo. Kisha lipime jiwe likiwa kavu. Jiwe la gramu 580 likisoma 200 ndani ya maji, msongamano wake ni 2.9, nayo ni basalti au gabro. Granite itakupa kati ya 2.6 na 2.7. Peridotiti isiyoharibika ni 3.3. Tofauti hizo ndogo ndizo sababu bara letu linaelea juu na sakafu ya bahari imekaa chini. Rudia kipimo mara tatu. Jiwe lililooza kwa hali ya hewa litakudanganya, basi tumia lililopasuliwa karibuni.

Sasa nenda kwenye mwamba. Ndani ya granite ya kati mwa nchi kuna daiki za doleriti, jiwe jeusi zito ambalo ni ndugu wa basalti. Zitafute kwenye machimbo ya kokoto na mahali barabara ilipokata kilima. Usichanganye na michirizi myeupe au ya pinki yenye chembe kubwa kama punje za mahindi: hiyo ni pegmatiti au kwazi, jamaa wa granite. Daiki ya doleriti ni mstari mweusi wenye kingo zilizonyooka.

Ukiipata, fanya mambo matatu. Kwanza itazame ukingoni kwa lenzi, kisha katikati. Ukingoni chembe ni ndogo mno au hazionekani, kwa sababu magma iligusa mwamba wa baridi ikaganda upesi. Katikati chembe ni kubwa zaidi. Ukingo huo ulioganda upesi ndio alama muhimu kuliko zote katika eneo la daiki baharini, kwani huko daiki mpya hupenya katikati ya ile ya zamani na kuigawa vipande viwili. Utakuta nusu daiki yenye ukingo ulioganda upande mmoja tu, na nusu yake nyingine iko mita kadhaa mbali, daiki tatu au nne zikiwa zimeingia kati. Pili, pima mwinamo: laza pima maji kwenye ukingo wa daiki kupata mstari ulio sawa, andika mwelekeo wake kwa dira, kisha tumia timazi na kipimapembe kujua daiki imeinama nyuzi ngapi na inashukia upande gani. Tatu, chora. Picha ya simu haitoshi, maana mkono unapochora jicho hulazimika kuamua.

Lava nazo unaweza kuziiga. Yeyusha mshumaa, mwaga nta taratibu kwenye ndoo ya maji baridi, ukiwa umevaa glavu na watoto wakiwa mbali. Nta itajikunja kuwa vidonge vyenye ngozi nje na ulaini ndani. Lava inayotoka chini ya bahari hufanya vivyo hivyo: ngozi ya kioo cheusi nje, mwamba ndani, umbo la mto. Nasema mto wa kulalia, si mto wa maji. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kurasa mbili za kumbukumbu akidhani sakafu ya bahari ina mito inayotiririka. Mto wa lava ukikaa juu ya miwili mingine, tumbo lake hulegea kwenye pengo na kufanya mkia uliochongoka. Mkia huelekea chini kila wakati. Ukiuona mkia umelala ubavuni, jua mwamba wote umegeuzwa.

Malizia kwa kwenda Kilimatinde au mahali pengine salama kwenye ukingo. Usisimame barabarani wala karibu na reli. Malori yanashuka hapo kwa kasi. Angalia mawe yaliyolala chini ya ukingo, ujiulize kila moja limetoka wapi. Hilo ndilo swali la hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Soma ukuta kutoka chini kwenda juu

Nyambizi hushuka hadi chini ya ukuta, kisha hupanda nao. Hufanya hivyo kwa sababu madirisha yanatazama mbele na mwamba ukiwa juu yako unauona, na pia kwa usalama, maana chombo kinachopanda hakiburuzi tumbo kwenye magenge. Ndani ya Alvin wanakaa watu watatu. Kwa kina cha mita 3,000 mgandamizo ni takriban mara 300 ya ule wa hewa yetu, maji yana nyuzi 2 hivi za joto, na mwanga pekee ni wa taa zao, unaofika mita chache tu. Hebu fikiria kuusoma ukingo mzima wa Kilimatinde usiku, kwa tochi, ukiwa ndani ya gari.

Kwa hiyo kila jiwe linaloshikwa na mkono wa chombo lazima liandikiwe: saa, kina, viwianishi, uso wa chombo ulielekea wapi, na jambo linaloamua yote, kama jiwe limevunjwa kwenye mwamba ulioshikamana au limeokotwa kwenye kifusi. Kwenye daftari lako la mazoezi tenga safu hiyo peke yake. Jiwe la kifusi linaweza kutoka juu, haliwezi kutoka chini. Ukiokota gabro kwenye kifusi cha mita 4,000, umejua kwamba gabro ipo mahali fulani kwenye kina hicho au juu yake, na hilo lina uzito. Ukiokota basalti mahali hapohapo hujajua karibu lolote, kwani basalti imetapakaa juu kote.

Fanya zoezi hili nililolitunga mwenyewe. Mawe yote yametoka kwenye mwamba ulioshikamana. Mita 3,900: gabro. Mita 3,700: gabro iliyokatwa na daiki chache. Mita 3,500: daiki tupu. Mita 3,300: lava. Mita 3,150: daiki. Mita 2,950: lava, hadi ukingoni.

Mwenye haraka ataandika kwamba lava na daiki zinapishana, na atabuni sababu. Rudi kwenye kanuni. Mpaka wa daiki na lava umeonekana mara mbili, karibu mita 3,400 na tena karibu mita 3,050. Ni mpaka mmoja uliokatwa na ufa: kipande cha mbele kimeteleza chini mita 350 hivi. Ufa wenyewe umepita kati ya mita 3,300 na 3,150, na pengine juu yake kuna kibaraza kilichojaa kifusi. Rudi kwenye mkato wako wa hatua ya 3 uangalie kama kibaraza kipo. Kikiwepo, ramani na mawe vimesema neno moja. Kisipokuwepo, usifute, weka alama ya kuuliza uendelee.

Mpaka wenyewe wa lava na daiki huchukua makumi ya mita mpaka mamia, mahali ambapo vipande vya lava vimebanwa kati ya daiki. Uchore kama ukanda, si kama mstari. Na mpaka wa daiki na gabro ndio wenye mvuto kuliko yote, kwa sababu chini kidogo ya hapo ndipo magma ilipokuwa imetulia na juu kidogo ya hapo ndipo maji ya bahari yalipokomea. Moto na maji vilitenganishwa na mwamba wa unene wa jengo la kawaida la mjini.

Hatua ya 7: Usisahau mwinamo

Kama kuna hatua ambayo vitabu vya shule vinaipita haraka, ni hii. Michoro mingi inaonyesha lava zimelala sawasawa na daiki zimesimama wima kama nguzo za uzio. Kuta halisi zinakataa. Mwanajiolojia Jeffrey Karson na wenzake walipozipiga picha na kuzipanda kuta za Hess Deep na za maeneo mengine ya namna hiyo, waliona jambo linalojirudia: lava zimeinamia upande wa mgongo zilikozaliwa, na daiki zinashukia upande wa mbali na mgongo. Tena daiki zilikuwa zimepasukapasuka sana, ishara kwamba zilivunjwa zingali changa. Katika Aisilandi, ambako mgongo wa Atlantiki umetoka juu ya maji, lava pia zimeinamia katikati.

Sababu utaielewa kwenye kitanda cha kamba kilicholegea. Watu wawili wakikaa kila mmoja upande wake, katikati panadidimia, makalio yanateleza ndani, na vichwa vyao vinakaribiana. Mgongo unafanya hivyo. Lava mpya zinarundikana juu, sehemu ya chini inatanuka na kukonda, katikati panashuka. Lava iliyomwagika ikiwa sawa inazama na kuinamia katikati. Daiki iliyosimama wima inazungushwa pamoja nayo: kichwa chake kinaelekea mgongoni, hivyo uso wake unashukia nje.

Kwa zoezi, chukua daiki ya mezani: kitabu kilichosimama juu ya ubao. Inamisha ubao nyuzi 20 kuelekea mgongo wa kufikirika na upime kitabu kimeinama kiasi gani kutoka kwenye wima. Utapata nyuzi 20 zilezile. Kwenye ukuta halisi, lava zikiwa zimeinama nyuzi 20 na daiki nyuzi 20 kutoka wima, basi zilizungushwa pamoja. Daiki ikiwa wima ilhali jirani zake zimeinama, hiyo ni ya mwisho kuingia. Imewakuta wenzake wamekwisha kugeuzwa. Kwa pembe peke yake umepata mfuatano wa matukio, bila maabara na bila senti.

Ndiyo maana jiwe lisilo na mwelekeo ni hasara kubwa. Miaka ya nyuma nilipewa kuangalia sanduku la sampuli nzuri sana, basalti na gabro, zilizosafishwa na kuandikwa majina kwa wino mzuri. Hakuna hata moja iliyoandikwa upande gani ulikuwa juu. Yale mawe yalikuwa bubu, na iliniuma.

Hatua ya 8: Soma rangi

Maji ya bahari huingia kwenye nyufa, hushuka, hupata joto, kisha hurudi juu yakiwa yamebeba madini. Chemchemi za namna hii zilionekana mara ya kwanza mwaka 1977 kwenye mgongo wa Galápagos, na mwaka 1979 zikapatikana zile zinazofuka maji meusi, za nyuzi 350 na zaidi. Ukuta wa ufa unakuonyesha mabomba yaliyolisha chemchemi hizo. Lava za juu, ambako maji ni baridi, huwa na kutu ya kahawia. Daiki za chini huwa za kijani kwa madini ya kloriti na epidoti. Peridotiti iliyokutana na maji hugeuka serpentini, jiwe la kijani kibichi au jeusi linaloteleza kama sabuni, na msongamano wake hushuka kutoka 3.3 hadi karibu 2.6. Ukilipima kwa ndoo yako bila kulitazama, unaweza kuapa ni granite.

Kuta zisizotii mpangilio

Sasa kuhusu Atlantis Bank na ndugu zake. Mgongo unaopanuka polepole, kama ule wa Atlantiki wenye milimita 20 hadi 25 kwa mwaka, hauna magma ya kutosha kila wakati. Mabamba yanapoachana, pengo hujazwa na kuteleza: ufa mmoja mrefu uliolala huvuta gabro na joho lenyewe kutoka chini na kuvianika sakafuni, bila lava wala daiki juu yake. Katika mlima wa Atlantis Massif, ambako chemchemi nyeupe za Lost City ziligunduliwa mwaka 2000, unakanyaga serpentini moja kwa moja. Mwaka 2023 wachimbaji walitoboa hapo mita 1,268 za mwamba uliotoka kwenye joho. Ukichora mkato wa ukuta wa namna hii ukitarajia lava juu, daiki katikati na gabro chini, utalazimisha mawe yaseme yasiyo yao. Angalia kasi ya mgongo kwanza, kisha shika penseli.

Hatua ya mwisho: Nenda Isimani

Barabara ya Dodoma kwenda Iringa hupitia Fufu na Mtera, na baada ya Mto Ruaha Mkuu unaingia maeneo ya Isimani. Katika miamba ya huko kuna eklojaiti, jiwe ambalo basalti hugeuka kuwa inapozamishwa chini sana na kugandamizwa, yenye umri wa takriban miaka bilioni 2, ambayo kemia yake inafanana na basalti ya migongo ya bahari. Wanajiolojia walipoitangaza mwaka 1995 ilikuwa ushahidi kwamba tangu wakati huo sakafu ya bahari ilikuwa ikizamishwa chini ya bara, hapa kati mwa Tanzania.

Ukienda, anzia ofisi ya kijiji uombe ruhusa na mtu wa kukuongoza. Tafuta jiwe zito lenye garneti nyekundu, duara kama punje za mtama, ndani ya kijani kilichokolea. Lililochakaa huwa na pete nyeusi kuzunguka garneti. Kabla ya kulivunja weka alama ya mshale upande wa juu, pima mwelekeo na mwinamo wa mwamba, andika viwianishi. Chukua kipande kimoja tu. Mkirudi nyumbani jaza ndoo, rudisha mizani kwenye sifuri, zamisha. Basalti yako ilisoma 2.9. Eklojaiti ambayo haijachakaa itakaribia 3.4 au zaidi, na joho ni 3.3.